Wazee wa Mwambao na Mtambo wa Kuandikia

Aghalabu husemwa kwamba wazee wanaogopa kompyuta. Neno hilo husemwa kwa upole katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Mvita na Amu, na msemaji huwa ni kijana aliyejaribu kumwelekeza babu yake namna ya kufungua barua pepe, akashindwa, kisha akaamua kwamba ila ni ya umri. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Wazee haohao waliipokea santuri, wakaikaribisha redio barazani, wakatumiana kaseti kutoka Maskati hadi Wete, na wengi wao leo hawatoki nyumbani bila ya simu ya mkononi. Ikiwa basi ni mtambo mmoja tu uliowasimamisha mlangoni, yafaa kuuliza mtambo huo uliwataka nini ambacho mingine haikuwataka. Jibu lake linapatikana katika historia ya maandishi ya Kiswahili.

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba mwambao huu ulijua kuandika zamani sana. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizotoka Kilwa na kuhifadhiwa Goa zinaanzia mwaka 1711, na miongoni mwa walioziandika yumo mwanamke, Mwana Nakisa. Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate una hati inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wake wa nasaha mwaka 1858, naye hakungoja kufunguliwa shule yoyote ya serikali. Chuoni mtoto alijifunza kusoma Kurani, na herufi zilezile zikamfaa baadaye kuandika hesabu za duka, mikataba ya mashamba, barua za posa na mashairi.

Herufi hizo zilikuwa na tabia yake. Kiarabu kina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Herufi za p, v, ch na g hazimo katika Kiarabu cha asili, kwa hiyo mwandishi aliazima herufi ya jirani, au alitia nukta za ziada kama walivyofanya Waajemi. Neno moja lililoandikwa liliweza kusomwa kwa namna mbili au tatu. Msomaji alitakiwa awe na shairi moyoni kabla ya kulitazama karatasini, au walau ajue vina na mizani kiasi cha kumwezesha kuchagua. Maandishi yalikuwa mkono wa kuiongoza kumbukumbu, na msomaji alikuwa mshirika wa mwandishi. Atakayeisahau tabia hii hataelewa kilichotokea baadaye.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Edward Steere alifanya vivyo hivyo Unguja, na kitabu chake cha sarufi kikatoka mwaka 1870. Hata hivyo kwa muda mrefu watawala wenyewe ndio waliolazimika kujifunza herufi za wenyeji. Mwaka 1892 Carl Gustav Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyiko wa barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili Wajerumani waliokuwa wakienda Afrika ya Mashariki wapate kuzisoma barua za maliwali, maakida na wafanyabiashara. Lakini shule za serikali zilifundisha herufi za Kirumi, na kazi za ofisini zikaenda kwa waliosoma humo. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, uamuzi wa mwaka 1928 wa kuifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, vyote viliijenga lugha moja ya vitabu, na vitabu hivyo vilikuwa vya herufi za Kirumi.

Mwaka huohuo wa 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti dogo la Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Sheikh huyo, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitaka herufi za Kiarabu zirekebishwe zitoshe sauti za Kiswahili, asione sababu ya kuziacha. Rai yake haikushinda. Kidogo kidogo maana ya neno "kusoma" ikabadilika. Mtu aliyehitimu chuoni, anayesoma tendi za beti mia tano na kuandika barua kwa mkono mzuri, alihesabiwa katika madaftari ya serikali kuwa hajui kusoma. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kipimo cha kujua kusoma kilikuwa ni herufi za Kirumi. Nia ilikuwa njema na mamilioni walifaidika. Kwa mzee wa mwambao, hata hivyo, huo ulikuwa ni mwaliko wa kuanza tena alifu akiwa na mvi kichwani, kama kwamba miaka yake ya chuoni haikuwapo.

Mzee huyo aliifanyaje barua ya serikali? Alimtafuta mtu wa kumwandikia. Na katika hilo hapakuwa na aibu, kwa kuwa desturi ya kutumia mkono wa mwingine ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yasingetufikia kwa wingi yalivyo lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa hangeyakusanya kutoka katika vinywa vya watu na kuyaandika kwa ajili ya W. E. Taylor. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alibuni pia alama za kuzipambanua sauti za Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Kule Amu, Muhamadi Kijumwa, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati, alinakili tendi kwa mkono wake hadi miaka ya 1930 kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Alipofariki mwaka 1945 kazi zake zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika maktaba za Ulaya. Mwenye maneno, mwenye kalamu na mwenye karatasi waliweza kuwa watu watatu mbalimbali, na utungo ukabaki kuwa wa mwenye maneno.

Sasa na itazamwe mitambo iliyopokewa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay pamoja na wenziwe kurekodi santuri za taarabu. Siti hakujua kuandika, na mtambo wa kurekodia haukumdai maandishi. Ulidai sauti, nayo alikuwa nayo tele. Mwaka 1939 BBC ilianza matangazo ya Kiswahili, na mwaka 1951 Sauti ya Unguja ikaanza kusikika. Televisheni ya Zanzibar ilianza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Tanzania Bara ilikaa bila ya televisheni hadi mwaka 1994. Ikaja kaseti, na huenda hakuna mtambo uliopendwa zaidi na wazee. Bibi asiyeshika kalamu aliweza kukaa chumbani, akabonyeza kidude kimoja, akamsalimu mwanawe aliyeko Dubai kwa nusu saa, akalia, akacheka, akamkumbusha deni la jirani. Washairi nao waliikimbilia. Huko Amu tangu miaka ya 1970 tungo za mawaidha zilitiwa sauti na kusambaa kwa kaseti nyumba hata nyumba, zikawafikia wanawake na wazee ambao kitabu kisingewafikia.

Kompyuta ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, kwa ajili ya hesabu za serikali. Kazi hiyo ilileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Hesabu yake ni rahisi kuifanya. Karani aliyezaliwa mwaka 1935 alikuwa na umri wa miaka 39 marufuku ilipotoka. Alistaafu akiwa na miaka 55, yaani mwaka 1990, wakati ofisi nyingi zilikuwa bado zinatumia taipu na karatasi ya kaboni. Aliutumikia umma maisha yake yote bila ya kukigusa chombo hicho. Maduka ya intaneti yalipofunguliwa Mji Mkongwe na Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye alikuwa mzee wa barazani, na waliokuwa wakiingia madukani humo walikuwa ni wajukuu na watalii. Kwa hiyo kabla ya kuuzungumzia woga, lazima kuizungumzia fursa. Kizazi kizima kilikosa miaka ambayo ingekuwa ya kujifunza, na hakikukosa kwa hiari yake.

Juu ya hayo, mtambo wenyewe ulitaka kitu ambacho santuri, redio na kaseti havikutaka. Ulitaka herufi, tena za Kirumi, moja baada ya moja bila ya kuruka hata moja. Kibodi haimsaidii mtu asiyemaliza neno, wala haijui vina. Kwa mzee aliyezoea maandishi yanayomtegemea msomaji, chombo hiki kilikuwa kiziwi. Kwa yule aliyesoma chuoni tu, kilikuwa ni shule ileile ya Kirumi iliyorudi kwa mara ya tatu: mara ya kwanza katika ujana wake, mara ya pili katika kampeni ya kisomo, na sasa katika chumba cha mjukuu. Herufi za Kiarabu zilipoingizwa katika kompyuta zilikuwa za Kiarabu chenyewe kwanza. Tofauti za Kiswahili alizozihangaikia Mwalimu Sikujua zilikuwa shida kuzichapa, hata pale ambapo herufi zake zilikwisha kupewa nafasi katika mpangilio wa kimataifa.

Lugha ilijaribu kuujongeza mtambo karibu na watu. Wengine walisema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi. Kukaja kipanya, kibodi au baobonye, barua pepe, tovuti. Sheikh Ahmed Nabhany wa Amu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alitumia umri wake kutafuta maneno ya kale yanayoweza kubeba vitu vipya, na anahesabiwa kuwa ndiye aliyetupatia neno runinga. Huyo ndiye mzee aliyeieleza kazi ya kuunda jahazi katika utenzi wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, na hakuona kwamba mambo ya leo hayamhusu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitoa programu ya ofisini kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hatua hizo zilikuwa na manufaa. Lakini kuyatafsiri maneno ya kwenye kioo hakukumwondolea mzee shida ya herufi zilizo chini ya vidole vyake.

Limo neno moja katika msamiati huo linalostahiki kuangaliwa peke yake. Kompyuta inapoweka maandishi husemwa "imehifadhi". Kwa mzee wa mwambao kuhifadhi ni kukitia kitu moyoni kisitoke, na aliyehifadhi Kurani nzima ana heshima yake mtaani. Mtambo unadai umehifadhi, kisha umeme unakatika na hakuna cha kusomwa. Dharau waliyoionyesha wazee juu ya hifadhi ya namna hiyo haikuwa ya kijinga. Mwezi wa Mei mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani kwa takriban miezi mitatu kwa hitilafu ya laini iendayo Bara. Miezi hiyo kompyuta zilikuwa masanduku tu, ila pale palipokuwa na jenereta, na mwenye beti zake kifuani alizisoma kama kawaida. Kule kwenye nchi tajiri nako si salama: Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi za kidijitali zikazimika kwa miezi.

Zipo pia sababu za adabu. Katika nyumba ya Kiswahili elimu huteremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Babu humfunza mjukuu, shangazi humfunda mwari. Kompyuta iliupindua mkondo huo, ikamkalisha mzee mbele ya mtoto anayesema "siyo hapo, babu, nimeshakwambia". Zaidi ya hayo, anayeandikiwa barua na mwingine humfungulia siri zake. Karani wa zamani alikuwa mtu mzima mwenye kujua kunyamaza. Mjukuu wa miaka kumi na mitano hana daraja hiyo, na bibi mwenye neno zito la mirathi hawezi kumtamkia aliandike. Hali hii ilijirudia katika huduma za fedha kwa simu, zilizoanza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Wazee wengi walizipokea upesi kwa kuwa zinafaa, lakini mwenye kukabidhi namba yake ya siri kwa mwingine anakabidhi mfuko wake, na kwa hilo tahadhari ya mzee ni akili.

Kisha simu ikafanya kile ambacho kompyuta ilishindwa kukifanya. Mwaka 2013 WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti. Mara babu aliyekataa kibodi kwa miaka kumi na mitano akawa anatuma salamu, dua, mashairi na malalamiko, kwa kubonyeza mahali pamoja na kusema. Ilikuwa ni kaseti iliyorudi, tena bila ya kungoja msafiri wa kuichukua. Ustadh Mahmoud Mau wa Amu, aliyezaliwa mwaka 1952, ambaye tungo zake ziliwahi kusambaa kwa kaseti, sasa husikilizwa kwa simu. Mpaka uliokuwapo tangu mwanzo ukadhihirika. Mitambo inayopokea sauti iliingia majumbani bila ya kusukumwa. Mtambo uliodai herufi za Kirumi ulibaki nje pamoja na historia yake.

Jambo hili lisingestahiki kuandikiwa lau hasara yake ingekuwa ni barua pepe zisizojibiwa. Hasara ni kubwa zaidi. Katika makasha ya nyumba za mwambao zimo hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tendi, dua, tiba, hesabu za mashamba, barua za mababu. Mchwa, unyevu na kuhama vinazimaliza. Miaka ya 2010 hati za Msikiti wa Riyadha wa Amu zilipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, na ifanywe kwingine. Lakini picha ya hati si usomaji wake. Kijana aliyeipiga anaweza kuipeleka dunia nzima kwa dakika moja, na aghalabu hawezi kusoma mstari wake wa pili. Bibi yake anaweza kuusoma, na hajui hiyo picha imewekwa wapi.

Mfano wa namna ya kuliziba pengo hilo upo. Sheikh Yahya Ali Omar, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1924, alihamia London akakaa miaka mingi katika SOAS akizisoma hati ambazo akina Taylor, Werner na Hichens walizikusanya. Mwaka 1997 yeye na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuandika Kiswahili vizuri kwa herufi za Kiarabu. Chuo hicho kilipoanza kuziorodhesha hati zake katika hifadhidata ya kompyuta, yeye alikuwamo kazini, na mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka kama 78, alishirikiana na Annmarie Drury kuandika maelezo ya mradi huo. Katika kazi ya namna hiyo hapakuwa na haja ya kumfanya mzee mpiga kibodi hodari. Kilichohitajika kwake ni kusoma, kueleza neno la Kiamu lisilomo katika kamusi, na kutambua mkono wa mwandishi. Baadaye Kevin Donnelly alitengeneza programu iitwayo Andika ya kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kwa za Kirumi. Shida ya herufi, iliyodumu tangu zama za taipu, imepata dawa, ingawa wachache wanaijua. Sheikh Yahya alifariki mwaka 2008.

Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo isemwavyo. Neno linaharibika pale wanapokuwapo na hawaulizwi. Kumkalisha mzee wa miaka themanini mbele ya kibodi na kumpa mtihani ni kupoteza siku zake na zetu. La maana ni kumkalisha karibu na mwenye kibodi, na hati ikiwa katikati yao, mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike na kuuliza, na simu iwe wazi inarekodi. Mwalimu Sikujua na Taylor walifanya hivyo kwa wino. Kazi ni ileile, na wanaoweza kusoma wanapungua kila mwaka.